Safu ya Kushoto

Jumapili, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa pili. Leo ni miaka thelathini na minane na miezi minne tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu mpenzi, kitinda mimba wetu,

Naanza na goti lako, kwa sababu katika barua yako ya kurasa sita, iliyojaa habari za kila mtu, goti ulilipa mstari mmoja tu. Nakujua. Jambo likikuuma sana hulitaja kwa ufupi. Je, unaweza kuinuka kitini bila kushika meza? Na macho je? Mwandiko wako bado umenyooka kama wa mwalimu uliyekuwa, ila herufi zimenenepa, nami nikasema, aha, huyu naye anahitaji miwani lakini kiburi hakimruhusu. Vaa miwani. Mimi ninazo mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ya kwanza.

Afya yangu ni ya mtu wa miaka sabini na moja. Kila asubuhi naikuta palepale nilipoiacha, imepungua kidogo. Nalala vizuri, nala kidogo, napanda hadi chumbani kwangu bila kupumzika njiani zaidi ya mara moja. Wajukuu zako uliowataja nimewasoma majina yao mara nyingi hata nimeyakariri, na yule anayebomoa redio ili aone aliyemo ndani, mwache abomoe. Katika ukoo wetu ugonjwa huo hauna dawa.

Barua yako ina wiki tatu mezani. Najua umeshaanza kunung'unika. Umeniuliza mambo mawili, na yote mawili nitayajibu humu, ila niruhusu nifike kwa njia yangu. La kwanza, kama nitakuja mwezi wa tano, siku watakapolizindua jiwe la Kaka mbele ya lile jengo la simu. La pili ni maneno ya jiwe lenyewe. Kamati inataka yachongwe kwamba kaka yetu mkubwa alifia kwenye meza yake ya kuunganishia simu, akiwaonya watu wakimbie, baada ya msaliti kukata waya. Wanataka mimi, niliyekuwa fundi wa betri katika jengo lile na ndugu wa mwisho kumwona, nithibitishe kwa maandishi. Umesema jina la Ngazi, yule fundi wetu wa nguzo za simu, halitachongwa, lakini kila atakayesoma atajua. Na ukaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Ngazi bado yupo hapo mjini, ameinama, urefu wote ule umemrudia mgongoni, na kwamba mkikutana barabarani mmoja wenu huvuka upande wa pili. Hukusema ni nani huvuka.

Sasa nikupe habari za hapa, maana ndizo zilizonicheleweshea kalamu.

Nyumba ninayoishi unaijua kwa barua. Mimi niko juu, na chini yangu kuna mshonaji ambaye mtaa mzima humwita Bi Sindano, kwa ajili ya kazi yake na pia kwa ajili ya ulimi wake. Mwaka huu umeme wetu hukatwa kila siku kuanzia adhuhuri mpaka jioni, na cherehani yake ni ya mota. Mwanzoni mwa mwezi uliopita alipanda kwangu akihema, akakaa bila kukaribishwa, akaniambia haiwezekani mtu akae juu ya kichwa chake miaka kumi na moja akichoma vyuma na kumpulizia moshi, halafu yeye ashindwe kushona sare za shule kwa kukosa umeme. Huniita Mzee Waya. Alisema kama elimu yangu haiwezi kuzungusha cherehani moja, basi niiuze ninunue kuku.

Nikamwahidi mtambo wa betri mbili. Nikueleze kwa urahisi, maana utahitaji kuelewa. Betri moja inaendesha cherehani, na wakati huohuo nyingine inalishwa na paneli ya jua iliyo juu ya paa. Inayofanya kazi ikichoka, saketi inazibadilisha yenyewe: iliyochoka inakwenda kula, iliyoshiba inakuja kazini. Kinachozibadilisha ni rilei mbili, yaani swichi ndogo zinazovutwa na sumaku, kila moja ukubwa wa kiberiti, na zikivutika hulia mara moja, tak. Bi Sindano alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kumbe ni ukewenza, mmoja jikoni mmoja amelala, na nani atawaamua wakigombana? Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya saketi. Akasema basi Mungu aisaidie saketi.

Kuchora saketi ya namna hiyo si jambo gumu kwa mtu aliyezeeka na waya mkononi. Ugumu wake ni mmoja tu, kwamba betri hudanganya. Betri iliyochoka ukiitoa kazini ukaiacha, baada ya muda volti zake hupanda zenyewe, kama maiti aliyefumbua macho. Ukiirudisha kazini huanguka tena palepale. Kwa hiyo fundi huweka mipaka miwili iliyo mbalimbali. Yangu niliiweka hivi: ikishuka hadi volti kumi na moja na nusu, itoke; na isirudi mpaka ifike kumi na tatu na kitu. Mipaka ikikaribiana, rilei itatetemeka kama meno ya mwenye homa. Hilo nililijua, nikalizuia.

Betri moja tulinunua mpya. Ya pili tulipata kwa muuza vyuma chakavu, kubwa, nzito, bado ina uhai. Mpya nikaiweka kulia, ya zamani kushoto. Mtambo ukakaa chini kwa Bi Sindano, kwenye rafu ya vitambaa, na ili waya wa paneli umfikie nilitoboa tundu sakafuni kwangu, karibu na mguu wa meza, nikaupitisha humo. Mchoro wa saketi nikaubandika ukutani kwangu. Kwa Bi Sindano nikaacha mita na daftari, nikamwonyesha jinsi ya kusoma volti na kuandika namba kila baada ya saa moja. Alilalamika kwamba nimemrudisha shule, lakini aliandika kila saa bila kuruka.

Wiki mbili mtambo ulikwenda vizuri. Wiki ya tatu akaja kuniambia wake wenza wameanza vituko. Alasiri, katikati ya mshono, rilei inalia, cherehani inanguruma vizuri kwa dakika chache, kisha inakufa taratibu sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Baada ya kitambo rilei inalia tena na kazi inaendelea. Nikashuka siku hiyo na saa yangu mkononi. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi.

Kesho yake ikawa saa kumi na dakika kumi. Nikasema ni jua, saa hizo linapiga paneli kwa pembe fulani. Siku ya tatu mawingu yalitanda toka asubuhi, hatukuona kivuli cha kitu chochote, na saa kumi na dakika kumi rilei ikalia, tak. Siku ya nne niliiondoa paneli kabisa. Saa kumi na dakika kumi, tak, na betri ya kushoto, ambayo hakuna kilichoilisha siku nzima, ikaingia kazini, ikazungusha cherehani kwa dakika chache, ikafa.

Bi Sindano si mwoga. Amezika waume wawili na bado anauliza wa tatu yuko wapi. Lakini siku hiyo ya nne aliacha kushona, akainua uso kutazama dari. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, kwenye stuli. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama nina mgeni chumbani kwangu. Nikasema sina, na mlango nimeufunga kwa ufunguo. Akasema, "Hapo tunduni kuna mtu, Mzee Waya." Nikamuuliza kama amesikia sauti. Akafikiri, maana ni mtu wa kupima maneno kama anavyopima nguo. "Si sauti," akasema. "Ni ule ukimya wa mtu aliyeuliza kitu, anangoja ajibiwe."

Nilimwambia ni upepo unaopita kwenye tundu la waya. Kisha akasema pia kuna harufu, kama siki iliyomwagikia chuma. Betri zake, mdogo wangu, ni za kufungwa kabisa. Hazina tindikali ya kumwagika wala kutoa mvuke. Nami nilikuwa nimeisikia ile harufu tangu nilipokaa, nikijiambia kwamba ni kumbukumbu ya pua ya mzee.

Kesho yake nilichukua daftari ili nipitie namba zote, maana fundi akichanganyikiwa hurudi kwenye namba. Zilipangika vizuri katika mwandiko wake wa duara: kumi na mbili na pointi nne, kumi na mbili na pointi moja, kumi na moja na pointi nane. Kisha, siku ile ya nne, saa kumi na dakika kumi, saa ambayo hata haikuwa zamu ya kusoma, ameandika: kushoto, hamsini na mbili na pointi moja.

Niliketi kwenye kitanda chake chenye vitambaa bila kuomba ruhusa. Nikamwambia namba hiyo haiwezekani, betri hii ni ya volti kumi na mbili, hata ipigwe na radi haiwezi kuonyesha hamsini na mbili. Alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, ndipo akasema, "Mimi nimeandika nilichoona. Mambo ya namba kusema uongo mnayajua nyinyi mafundi."

Niliifungua mita. Mita yenye betri dhaifu ndani yake husoma juu kuliko ukweli, hilo linajulikana. Lakini hukosea kidogo, haipandishi kumi na mbili ikawa hamsini na mbili. Hata hivyo niliibadilishia betri, nikapima, ikasema kumi na mbili na pointi sita. Nikapanda kwangu, nikasimama mbele ya mchoro ukutani, nikaufuata kwa kidole kuanzia paneli, kupitia fyuzi, hadi kwenye rilei.

Hapo kabla ya rilei panatakiwa kuwa na sehemu ya kuchelewesha. Ni kitu kidogo, kinachoilazimisha saketi isiamini volti za betri iliyotoka kulishwa mpaka ipumzike saa moja. Maana betri hudanganya pande zote mbili: iliyochoka ikipumzika hujifanya nzima, na iliyotoka tu kulishwa hujifanya imeshiba. Hasa ya zamani. Ya zamani haina tena nafasi ndani, hujaa haraka kama tumbo la mgonjwa, inaonyesha namba nzuri, na haina kitu. Kila fundi wa betri hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kitu kingine. Ningeapa kwamba nilikichora. Kwenye mchoro palikuwa na nafasi nyeupe ya upana wa vidole vitatu, safi, haina hata alama ya penseli iliyofutwa. Mistari ilifika ukingoni mwa nafasi ile na kuanza tena upande wa pili, kana kwamba mkono wangu ulikuwa umezunguka kitu kilichokaa pale.

Sasa nimefika, mdogo wangu. Kaa chini kama umesimama.

Jengo la simu unalikumbuka kwa nje. Ndani, chini kulikuwa na chumba changu cha betri, na juu yake chumba cha Kaka chenye meza ya kuunganishia simu. Nilikuwa na safu mbili za betri, ya kulia na ya kushoto, mitungi ya vioo yenye tindikali iliyopangwa kwenye rafu za mbao, kila safu ikiwa ya volti arobaini na nane. Safu moja inaendesha simu, nyingine inachajiwa, kisha tunazibadilisha. Dari lilikuwa na tundu la kupitishia nyaya, na kwa kuwa Kaka hakupenda kushuka, alikuwa akiinama hapo tunduni na kuniuliza hali ya betri. Ukutani nilikuwa na ubao wa chaki. Sheria ilikuwa moja: safu iliyotoka kuchajiwa ipumzishwe saa moja kamili, ipimwe, ndipo namba iandikwe ubaoni. Namba iliyo ubaoni ilikuwa kiapo. Kaka hakuwahi kuitilia shaka, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha kwamba haitiliwi shaka.

Siku ile umeme ulikuwa umekatika siku tatu, na jenereta ilikuwa imebakiwa na mafuta ya kuchaji safu moja tu. Habari zilikuwa zimefika kwamba wenye bunduki wamevuka daraja. Kaka alikaa mezani tangu alfajiri akiwapigia watu mmoja mmoja, zahanati, shule, ghala, akiwaambia wasipite barabara kuu. Safu ya kulia ilikuwa ikimhudumia. Ilikuwa imeshuka, lakini ilikuwa na nguvu ya kweli ya kama saa mbili zaidi. Ya kushoto nilikuwa naichaji. Ilikuwa na seli mbovu, nilizijua, nilikuwa nimeziombea mpya mwaka mzima.

Jenereta ilizima saa kumi na dakika kumi. Lori la mwisho lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa soko, na dereva alikuwa amesema anaondoka saa kumi na nusu. Nilipima safu ya kushoto palepale, ikiwa bado inachemka. Ilisema hamsini na mbili na pointi moja. Nikaiandika ubaoni, maana namba ikishaandikwa kazi yangu imekwisha. Kisha, mdogo wangu, pembeni yake nikaandika saa ya kupimwa, nikaandika saa ambayo ilikuwa bado haijafika. Saa pekee ya jengo ilikuwa mkononi mwangu, na Kaka, aliyezibwa masikio na vifaa vya kusikilizia tangu alfajiri, hakusikia jenereta ikizima.

Kaka aliinama tunduni. Aliona namba. Akaniuliza neno moja.

"Umeipumzisha?"

Nikamjibu, "Nimeipumzisha."

Akasema vizuri, basi nimsubiri amalize kuwapigia watu wa kinuni, kule kwenye mashine za unga, halafu tuondoke pamoja kwa pikipiki ya ofisi. Nikasema sawa. Nikanawa mikono. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbia sokoni. Lori liliondoka saa kumi na nusu kama lilivyoahidi, na pikipiki, kama mlivyokuja kuniandikia baadaye, ilikutwa imeegeshwa kivulini ikiwa na mafuta ya kutosha watu wawili.

Yaliyofuata sikuyaona, lakini nayajua kama niliyeyaona, kwa sababu wewe uliniandikia. Mwaka ule wa kwanza uliandika kwamba simu zilikufa ghafla, watu wa kinuni hawakujua kitu mpaka walipoona moshi, na kwamba watu watatu walimwona Ngazi, fundi wa nguzo, mchumba wako, yuko juu ya nguzo mbele ya jengo, ana koleo la kukatia waya mkononi. Uliandika jinsi alivyojitetea. Eti Kaka ndiye aliyempandisha. Eti Kaka alimwambia betri ni nzima, ubao umesema, kwa hiyo kama simu zimekufa basi ni waya umekatika nje, apande autafute. Eti alikuwa anatafuta, hakuwa anakata. Hizo "eti" uliziandika wewe, tatu, na ya mwisho uliipigia mstari hadi karatasi ikachanika. Na mwisho ukaniuliza swali moja, ukasema jibu langu litakutosha kuliko ushahidi wa mji mzima: betri zilikuwa nzima?

Nikakujibu kwamba betri zilikuwa nzima.

Barua yako iliyofuata ilisema umevunja uchumba.

Ngazi alisema kweli, neno kwa neno. Hayo ndiyo maneno hasa ambayo Kaka angeyasema. Kaka aliiamini namba yangu. Aliiacha safu ya kulia iliyokuwa na saa mbili za kweli, akahamia ya kushoto kwa swichi ya mezani kwake, ikafa baada ya dakika chache, na kwa kuwa ubao wangu ulisema ina nguvu hakufikiria hata mara moja kurudi kulia. Alibaki pale akitafuta kosa ambalo halikuwepo, akamtuma mtu mwaminifu kwenye nguzo kulitafuta, mpaka wenye bunduki walipomkuta. Hakuna waya uliokatwa na mtu yeyote. Msaliti mnayetaka kumchonga kwenye jiwe yuko hapa, anakuandikia kwa wino mweusi.

Miaka hii yote nilijiambia kwamba lilikuwa kosa la dakika ishirini la kijana mwenye hofu. Lakini jibu nililokupa mwaka wa kwanza sikuliandika kwa hofu. Nililiandika mezani, nimeshiba, mlango umefungwa, na nikanywa chai baadaye. Uliolewa na mtu mwema, ukapata watoto wema, namshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo si mimi niliyepaswa kukuchagulia.

Wiki iliyopita nilikiweka kile kitu cha kuchelewesha. Sasa saketi inasubiri saa moja kamili kabla ya kuiamini betri, na rilei hailii tena saa kumi na dakika kumi. Namba zimetulia. Nilidhani yameisha. Juzi nilishuka kumuuliza Bi Sindano kama cherehani inakwenda, akasema inakwenda kama harusi. Kisha, akiendelea kushona na bila kuinua macho, akasema lakini yule mtu wangu bado yupo pale juu. Bado anangoja.

Jana nilikaa kwake tangu saa kumi. Saa kumi na dakika kumi haikulia rilei wala hakikubadilika kitu, ila ile harufu ilishuka kutoka tunduni kama mtu anayeshusha kamba. Nikainua uso nikasema kwa sauti, mbele ya mwanamke wa watu, "Sikuipumzisha, Kaka." Bi Sindano alisimamisha mota. Hakuniuliza nazungumza na nani. Harufu haikuondoka. Hatimaye aliniambia, kwa upole ambao sikujua kama anao, kwamba pengine kaka yangu huyo jibu langu amekwisha kulijua siku nyingi, na anayengoja kulisikia ni mwingine. Nikapanda nikachukua karatasi.

Nimetia ndani ya bahasha hii ukurasa mwingine wa peke yake, mfupi, wenye jina langu lote na sahihi yangu, bila salamu wala maelezo ya moyo, ni matukio tu na saa zake. Huo ni wa kamati. Wausome kwa sauti siku ya jiwe, na Ngazi awepo. Maneno ya jiwe yawe haya: kwamba Kaka alikuwa akiwaonya watu, na kwamba alidanganywa na fundi wake wa betri. Wakitaka kuchonga na jina, wachonge. Lakini kabla ya kamati, tafadhali, nenda wewe kwanza kwa Ngazi. Usimtume mtu. Na mkikutana barabarani kabla hujafika kwake, mmoja wenu asivuke.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Najua utaniandikia au hutaniandikia, na yote mawili nitayapokea.

Wasalimie watoto wote na wajukuu, kila mmoja kwa jina lake, na mbomoa redio umwambie babu yake aliye mbali anasema: ukipima, andika ulichoona, na saa uliyokiona. Bi Sindano anakusalimu; alipoona naandika muda mrefu aliniuliza ni nani, nikasema mdogo wangu, akasema basi muulize vipimo vyake nimshonee kitu cha kuvaa siku hiyo. Nitumie vipimo kama moyo utakuruhusu. Usisahau miwani, na goti lipake kitu cha moto kabla ya kulala.

Chumba ulichonitayarishia mwezi wa tano mpe mgeni mwingine. Siku ile anayestahili kusimama na kusema habari za Kaka ni mtu aliyepanda nguzo kwa sababu aliombwa, wala si yule aliyetoka kwa mlango wa nyuma. Nilifikiri sana kama nije nikae nyuma kabisa, kimya, nikaona kwamba hata huko nyuma ningekuwa nimekaa mahali pa mtu. Mimi sitarudi.

Ndugu yako wa katikati,
aliyekuwa fundi wa betri